Tangazo la Sasisho Lisiwe Fumbo kwa Mwalimu wa Kalokol

Miongoni mwa maandishi yote ambayo mwananchi wa leo hulazimika kuyasoma, hapana yanayopitiwa kwa pupa na kukubaliwa kwa wepesi kama yale yanayojitokeza kwenye kiwambo cha tarakilishi. Mtu huona kisanduku, huliona neno "Endelea", hubofya, kisha hurejea kwenye shughuli zake. Aghalabu hapana hasara. Herufi zitabadilika umbo, kitufe kitahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, nasi tutanung'unika siku mbili kabla ya kuzoea. Hata hivyo, ipo aina moja ya tangazo isiyostahili kupitiwa hivyo, nayo ni ile ihusuyo mabadiliko ya programu inayoamsha tarakilishi, ambayo mafundi huiita butiloda. Hoja yangu ni kwamba matangazo hayo huandikwa vibaya, na kwamba ubaya huo humwumiza zaidi mtu aliye mbali na fundi. Huko Turkana, kuanzia Kakuma hadi Lodwar na hata Kalokol ufuoni mwa ziwa, umbali huo ni jambo la kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, hukaa ndani ya diski. Umeme unapoingia, tarakilishi huwa haijui lolote kuhusu mfumo huo. Inachokijua ni programu iliyowekwa na kiwanda kwenye ubao wake, ambayo huikagua mitambo, huitafuta butiloda na kuikabidhi kazi. Butiloda ndiyo inayouamsha mfumo. Katika tarakilishi za zamani iliwekewa nafasi ya baiti 512 tu mwanzoni mwa diski, na kati ya hizo ni 446 zilizobaki kwa ajili ya maagizo yenyewe. Aya hii unayoisoma isingetosha humo. Katika tarakilishi za siku hizi nafasi imeongezeka, lakini umeongezeka pia ulinzi langoni. Butiloda hutiwa saini ya siri, na ubao huikagua saini hiyo kwa vyeti ulivyohifadhi kabla ya kuiruhusu kufanya kazi. Saini isipotambuliwa, mlango haufunguliwi.

Kutokana na mpangilio huo, kosa la butiloda halifanani na kosa jingine lolote. Sasisho la programu ya kuandikia barua likikorogeka, barua ndizo zitakazokwama, nawe bado unaweza kutafuta msaada kwa mtambo ule ule. Butiloda ikikorogeka, hapana kinachowaka. Msaada wote uliohifadhiwa ndani ya tarakilishi hufungiwa pamoja na kazi zako.

Mifano si haba. Mnamo Julai 29, 2020, ilitangazwa kasoro iliyopewa jina BootHole katika GRUB, butiloda inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Kampuni zikakimbilia kutoa masasisho, na baadhi ya waliosakinisha lile la Red Hat wakakuta mitambo yao haiwaki tena. Agosti 2022 zamu ikawa ya watumiaji wa Arch Linux. Agosti 2024 ikawa ya wale walioiweka mifumo miwili, Windows na Linux, katika tarakilishi moja. Sasisho la Windows la tarehe 13 mwezi huo lilikusudiwa kuzizuia butiloda kongwe zenye kasoro. Microsoft ilikuwa imeeleza kwamba tarakilishi zenye mifumo miwili zingerukwa. Baadhi hazikurukwa. Wenyewe walipowasha upande wa Linux walilakiwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliotaja ukaguzi ulioshindikana na kutangaza kwamba jambo fulani limeharibika vibaya mno, kisha tarakilishi ikazimika. Dawa kamili ya kadhia hiyo ilikuja na masasisho ya Mei 2025, takriban miezi tisa baadaye.

Hebu tuutazame mstari huo kama mwalimu wa insha anavyotazama kazi ya mwanafunzi. Je, unasema nani aliyefanya nini? Hausemi. Je, unasema msomaji afanye nini? Hausemi. Unachomwambia ni kwamba mambo yameharibika, habari ambayo kiza cha kiwambo tayari kimekwisha kumpa.

Mfano wa Arch una somo kubwa zaidi, kwa kuwa walioandika tangazo lile walikuwa waungwana na walitaka kusaidia. Walieleza kwanza kwamba amri fulani ndani ya GRUB imeongezewa kipengele na kwamba namna inavyoitwa imebadilika. Kisha wakasema kwamba, kutegemea mtambo wa mtu, jambo hilo lingeweza kuifanya tarakilishi isiwake. Mwisho kabisa wakashauri kwamba baada ya kila sasisho la GRUB ni vyema kutekeleza hatua mbili: kuisakinisha butiloda upya na kuyaandika upya maelekezo yake. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini angalia mpangilio! Kilichomhusu fundi kiliwekwa mbele, hatari ikawekwa katikati, na kitendo, ambacho ndicho kilichomhusu msomaji, kikatupwa mkiani kwa lugha ya ushauri wa hiari. Tena tangazo lilitoka baada ya baadhi ya watu kukwisha kukwama. Msomaji aliyekuwa na haraka, na nani asiye na haraka, angeishia kwenye sentensi ya kwanza na kujiambia kwamba haya ni ya wakubwa.

Familia ya Debian na Ubuntu nayo ina swali lake mashuhuri. GRUB inaposasishwa katika tarakilishi za aina ya zamani, mtumiaji huweza kuulizwa achague diski ambamo butiloda itasakinishwa, kisha akaelezwa kwamba kama hana hakika, mara nyingi ni wazo zuri kuisakinisha katika diski zote. Mtu asiyejua anaulizwa swali, halafu anapewa jibu lenye neno "mara nyingi" ndani yake! Na hizo nyakati chache ambapo wazo hilo si zuri, ni zipi? Nionavyo, swali ambalo mwulizaji anajua kuwa wengi hawawezi kulijibu lingekuwa na jibu salama lililochaguliwa tayari, pamoja na sentensi moja ya kumweleza mwenye shaka kwamba asiguse kitu.

Sasa tuje Kalokol. Mji huo uko kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, karibu na Ghuba ya Ferguson, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300 nyingine. Wakazi wake hawahitaji kuhadithiwa kuhusu mitambo iliyotoka mbali na kunyamaza. Kiwanda cha samaki kilichojengwa hapo kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiliwekewa majokofu ambayo, katika joto lile, yalihitaji umeme na maji safi kwa gharama isiyobebeka. Kisha maji ya ghuba yenyewe yakapungua. Jengo likaja kutumiwa kuhifadhia samaki wakavu, kazi ambayo isingehitaji jokofu hata moja. Sisemi kwamba butiloda ni kiwanda. Nasema tu kwamba walioko huko wana haki ya kumwuliza kila anayewaletea badiliko: likishindikana, nani atakayekuja kulirekebisha, na lini?

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa hauko mbali na uhalisi. Shule moja ya eneo hilo ina tarakilishi moja ya ofisini. Mwalimu aliyeisajili mwanzoni aliisajili kwa akaunti yake mwenyewe, kwa kuwa mtambo ulidai akaunti na shule haikuwa nayo. Tarakilishi nyingi za Windows zikisajiliwa hivyo huyasimba yaliyomo ndani ya diski, na ufunguo wa kuyafumbua, wenye tarakimu 48, hupelekwa katika akaunti ile. Baadaye mwalimu huyo anahamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu kwenda kaunti nyingine. Mwaka mmoja baadaye sasisho linagusa sehemu ya kuamsha mtambo, ulinzi unashuku kwamba pameingiliwa, na kiwambo kinadai tarakimu 48. Hayo ya kiwambo kudai ufunguo si ya kubuni; masasisho ya Windows ya Julai 2024 yalizifanya baadhi ya tarakilishi zidai ufunguo huo bila kutarajiwa. Ikiwa juma hilo ndilo la kupeleka alama za tathmini ya shuleni kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, na alama zenyewe zimo humo humo, basi watoto wa darasa zima wanaingojea simu ya mtu mmoja aliye mamia ya kilomita mbali, ambaye huenda alikwisha kulisahau hata neno lake la siri.

Tangazo lililoandikwa vyema lingeizuia kadhia hiyo kwa sentensi moja, iliyotolewa siku moja kabla.

Na hapa ndipo walimu wa Kiswahili wanapopaswa kuingia uwanjani, kwani lugha yetu ina zana za kulitekeleza jambo hili kuliko tunavyozitumia. Kiswahili hutofautisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Tukisema "mipangilio imebadilika", ni kama kusema mvua imenyesha. Hapana wa kulaumiwa. Tukisema "mipangilio imebadilishwa", yupo mtendaji ila amejificha. Tukisema "tumebadilisha mipangilio", mtendaji amesimama mbele yetu na anaweza kuulizwa. Mwandishi wa tangazo anayechagua "imebadilika" kwa kitu alichokibadilisha kwa mikono yake anatumia sarufi kukwepa dhamana. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulibaini hilo, na lingekuwa zoezi zuri la darasani kuliko sentensi za kubuni kuhusu Juma na kikombe.

Tatizo jingine ni kitenzi "kuweza". Wafasiri wengi hulitia neno hilo kila panapotajwa uwezekano, hata tukaletewa sentensi kama "Tarakilishi yako inaweza kuzimika mara kadhaa." Je, ina uwezo wa kuzimika? Imeruhusiwa kuzimika? Au huenda ikazimika? Kiswahili kina "huenda", kina "yamkini", kina "labda", na kila moja linasema bayana kwamba jambo halina hakika. Kuyaacha yote hayo na kulishika neno moja lenye maana tatu ni uvivu, na katika tangazo la hatari uvivu huo una gharama.

Kibaya zaidi ni jozi ya "anzisha upya" na "weka upya". Ya kwanza hutumiwa kwa maana ya kuzima na kuwasha. Ya pili hutumiwa kwa maana ya kurudisha mtambo ulivyotoka kiwandani, pengine na kufuta kila kilichomo. Kwa msomaji wa kawaida misemo hiyo miwili ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyeombwa "kuweka upya" akidhani anawasha tu anaweza kupoteza kazi ya miaka mitatu. Kwa nini tusiseme "zima kisha uwashe" kwa ile ya kwanza, na "futa vyote na uanze upya" kwa ile ya pili? Zitaongeza maneno mawili matatu. Na ziongeze!

Kuna watakaosema kwamba mwalimu wa Kenya anakijua Kiingereza, tena anakifundisha, kwa hiyo kelele za Kiswahili ni za bure. Ni kweli anakijua. Lakini Kiingereza cha matangazo haya nacho ni fumbo hata kwa wenyewe, na tafsiri mbovu hulihamisha fumbo lile lile tu. Isitoshe, anayeiwasha tarakilishi ya shule si mwalimu peke yake. Yupo karani, yupo mwanafunzi aliyetumwa kuchapisha mtihani, na huko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wapo vijana waliotoka Kongo na Burundi ambao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wenyeji wao Waturkana.

Kuhusu Kiswahili katika tarakilishi kwa jumla, safari ilianza zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ilikuja na kiolesura cha Kiswahili katika mwongo huo huo. Lakini kazi hizo huanza kuonekana baada ya mfumo kuamka. Pakiti ya lugha imo ndani ya diski ambayo bado haijafunguliwa. Saa ile butiloda inapogoma, kwa kawaida kinachozungumza ni Kiingereza cha kiwandani, na Kiswahili chote kimefungiwa nje. Kwa hiyo wakati wa pekee ambapo mtambo unaweza kumwonya mtu kwa Kiswahili ni kabla ya kuzimwa. Wanaoandika matangazo hawaonekani kulizingatia hilo hata kidogo. Wao hutoa neno fupi kabla na maelezo marefu baada, ilhali "baada" huenda pasiwe na wa kusoma.

Tulinganishe. Hili hapa ni tangazo nililolitunga kwa mtindo uliozoeleka: "Sasisho muhimu la usalama liko tayari. Baadhi ya vifaa vinaweza kuathirika. Usizime kompyuta." Baadhi ya vifaa vipi? Kuathirika vipi? Na hilo la "usizime" limeandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki. Kwa mtu anayetegemea paneli ya jua, au umeme unaoondoka bila kuaga, anayezima si yeye. Angeambiwa la maana: kazi hii itachukua muda gani, na betri iwe na chaji kiasi gani kabla ya kuianza.

Na hili ndilo ningelipendelea: "Tutabadilisha programu inayoamsha tarakilishi hii. Baada ya hapo huenda ikakuomba ufunguo wa tarakimu 48; kama huna ufunguo huo umeuandika karatasini, usiendelee leo. Kama tarakilishi hii ina Linux pia, huenda Linux isiwake. Unganisha umeme, au hakikisha betri imejaa nusu na zaidi. Ukiahirisha kwa wiki mbili, tarakilishi itaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila usiahirishe zaidi ya hapo." Mtendaji anajulikana, sharti linatangulia, na anayesoma anajua lini aseme hapana. Idadi ya wiki naiweka kwa mfano tu. Atakayeijua ni mwenye sasisho.

Pingamizi lenye uzito ni hili: tangazo linalotisha litawafanya watu wakatae masasisho kabisa, na kukataa kuna maafa yake. Ni hoja ya haki. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizitia pingu tarakilishi ulimwenguni kote, na kinga yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Waliodhurika wengi walikuwa hawajaisakinisha. Kwa hiyo tangazo aminifu halina budi kutaja hatari mbili, ya kukubali na ya kukataa, na kuzipima mbele ya msomaji. Kuificha ile ya kwanza ili watu wabofye haraka ni mbinu inayofaulu mara moja. Akishakwama, mtu huyo hatabofya tena, na jirani zake watamsikiliza yeye kuliko kampuni.

Mbali na hayo, kuna badiliko lisilorudi nyuma. Mwaka 2023, ili kukizima kirusi kiitwacho BlackLotus kilichovamia hatua hii ya kuamsha mtambo, Microsoft ilitoa kinga ambayo ikishawashwa kikamilifu haiondoleki hata ukiifuta diski yote, na diski za dharura zilizotengenezwa kabla ya hapo hukataliwa mlangoni. Kwa sababu hiyo haikulazimishwa kwa pamoja, ilitolewa kwa awamu. Hilo lilikuwa la busara. Neno "halirudishwi" lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa mstari wa kwanza wa kila tangazo la namna hiyo.

Sheria yetu haiko kimya. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sijasikia vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja juu ya kisanduku cha sasisho, lakini sioni kinachozuia. Serikali ilipoanza kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi mwaka 2016, vifaa zaidi ya milioni moja, ilikuwa mnunuzi ambaye muuzaji yeyote angemsikiliza. Katika ununuzi wowote ujao iandikwe katika mkataba kwamba onyo lolote linalohusu kuwaka kwa kifaa litolewe kwa Kiswahili fasaha kabla ya kifaa kuzimwa. Taasisi ya Kukuza Mitaala na walimu wa Kiswahili waketi na mafundi kuyaandika maneno yenyewe. Kazi hiyo ni ya kurasa chache.

Jambo hili lina tarehe zake. Vyeti vya mwaka 2011 ambavyo tarakilishi nyingi huvitumia kukagua saini za butiloda viliwekewa ukomo mwaka 2026, baadhi Juni na kimoja Oktoba. Tarakilishi isiyopata vyeti vipya haizimiki siku hiyo; huendelea kuwaka, ila hukosa kinga mpya za hatua ya kuamshwa. Zitakazosumbuka zaidi ni zile zilizofungiwa stoo na kuwashwa mara moja kwa muhula, ambazo huyapokea masasisho ya miezi mingi kwa mkupuo. Mwalimu mkuu mwenye mtambo wa namna hiyo asingoje kiwambo kimweleze. Autafute ufunguo wa tarakimu 48 wakati tarakilishi ingali inawaka, akiri wa mwalimu aliyehama ukiwemo, aunakili kwa kalamu pamoja na jina la akaunti iliyotumiwa, ahamishie alama za wanafunzi kwenye diski ya pembeni, ndipo akubali sasisho. Daftari hilo likae kabatini pamoja na rejista za mahudhurio.